Ua Lenye Kisigino

Ukitaka kulijua ua la urujuani wa porini, usianze na rangi. Nilifundishwa hivyo na sista wa Kizungu aliyekuwa akitusomesha Baiolojia, mwanamke mkali mwenye viatu vya kiume, aliyetutoa bwenini mvua ikinyesha ili tuione mimea ikiwa hai. "Rangi ni nguo," alisema. "Hata mwizi huvaa nguo." Kiswahili kina rangi ya urujuani lakini ua lenyewe hakikulipa jina, basi sisi wasichana tukaliita hivyo hivyo, urujuani. Wenzangu walifaulu mtihani wakasahau. Mimi sikusahau, na nashukuru, maana elimu ile ndiyo niliyompigia wifi yangu. Ningekuwa nayo nyingine ningempiga nayo pia.

Niliolewa kutoka Kanazi nikaletwa Muleba, kwenye kilima kinachotazamana na Rubya. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Asubuhi ngoma ilipigwa watu waende shamba la kijiji, jioni kila mtu alirudi kwake kufanya kazi yenyewe. Mume wangu alikuwa karani mjini Bukoba, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nyumbani tulibaki wanawake watatu: mimi, mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeachana na mumewe mjini akarudi kwao.

Nyumba ile ilizungukwa na kibanja kizuri, migomba ya zamani na mibuni katikati yake, mali ya ukoo. Kwa watu wa huku kibanja humfuata mtoto wa kiume. Maadamu mume wangu hakuwa na mtoto, dada yake aliendelea kuamua mkungu upi ukatwe na kahawa ipi ianikwe, na mimi nilikuwa mtu wa kuchota maji. Kisha nikazaa mtoto wa kiume. Hapo umeshaielewa hadithi yote, iliyobaki ni majani tu.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi ambayo kwetu Kanazi sikuwahi kuiona. Kitovu cha mtoto kikidondoka, mtoto huogeshwa kwa maji yaliyofikichwa majani fulani ya pembeni mwa msitu, kijimmea kinachotambaa chenye ua dogo la zambarau. Walisema majani hayo yanaijua damu. Mtoto wa ukoo hutoka kwenye maji yale ametulia, amepoa. Mtoto aliyeletwa kutoka nje yatamchoma. Mwenye kuyachuma ni dada wa baba, alfajiri, na akishatoka mlangoni hasemi na mtu yeyote mpaka majani yawe kwenye beseni. Mama wa mtoto haruhusiwi hata kuyaona. Miaka yote mchumaji alikuwa shangazi yake mume wangu, mwanamke aliyekijua kilima kile kama mkeka wake. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaja. Zamu ikamwangukia wifi yangu.

Sasa wifi yangu alilelewa mjini Bukoba tangu mdogo, kwa ndugu waliokuwa na duka. Alijua kanga mpya na chai ya maziwa. Majani aliyajua kwa kusimuliwa: kadogo, kanatambaa, kazambarau, pale penye unyevunyevu. Na kwa kuwa mchumaji hasemi na mtu, hakuweza kuuliza njiani hata kama angetaka. Hakutaka. Aliondoka na kikapu shingo imesimama kama anakwenda kupokea komunyo ya kwanza.

Mtoto alilia tangu maji yalipomgusa. Niliambiwa wote hulia. Kabla ya mchana macho yake yalikuwa yamevimba, kope zimegandana, na mashavu yamekuwa mekundu, yana vipele kama mtu aliyelala kwenye viwavi. Nilimfunga mgongoni nikasema nakwenda hospitali Rubya. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Hospitali watampa dawa ya nini?" akasema. "Majani yameshasema."

"Yamesema nini?"

"Muulize aliyekupa hiyo mimba."

Mama mkwe alikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, pale pale alipokuwa amesimama, wala hakunitetea. Nami ilinibidi niwahi hospitali. Wakamsafisha macho, wakanipa mafuta ya kumpaka, wakaniambia ngozi imeunguzwa na kitu na atapona. Alipona. Lakini maneno yalikuwa yameshatangulia barabarani.

Nilipokwenda tena shamba la kijiji wanawake walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumza kwa pamoja habari za mvua. Jirani mmoja tuliyelingana umri, mcheshi, alinisogelea na jembe lake.

"Unajua wanasema mtoto ana pua ya fundi baiskeli?"

"Fundi baiskeli yupi?"

"Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Huku wako wawili, mmoja hana meno. Nikawaambia kama ni yule, dada wa watu ameonewa mara mbili."

Nilicheka. Kisha nikalima ule mstari kwa nguvu mpaka nikakata mzizi wa mgomba ambao haukuwa na kosa lolote.

Jumamosi mume wangu alikuja. Alimchukua mtoto akamweka kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama muda mrefu.

"Unatazama nini?" nikamuuliza.

"Namtazama mwanangu."

"Mtu hatazami kilicho chake namna hiyo."

"Usianze. Baba mkubwa ameita wazee wakae Jumapili ijayo, baada ya misa. Mambo yatatulia."

"Yatatulia vipi? Wakisema mtoto si wenu?"

Alijifanya anarekebisha kola ya shati. Ndipo nilipojua kwamba wazee wakisema hivyo, nitabeba mtoto na sanduku langu kurudi Kanazi, na yeye atatusindikiza mpaka barabarani, atasema njia njema. Mwanangu angekua mtoto asiye na kibanja, asiye na kaburi la babu, anayeitwa kwa jina la fundi baiskeli. Nilimnyonyesha usiku ule nikiwa nimekasirika mpaka nikaogopa hasira itaingia kwenye maziwa.

Maji ya kumwogeshea mtoto katika nyumba ile humwagwa nyuma, chini ya mgomba mmoja, pamoja na majani yake. Jumatatu nilikwenda pale na fimbo, nikafukua matandazo. Vile vitawi vilikuwepo bado, vimenyauka, vimekuwa vyeusi kidogo. Nikaviosha, nikavitandaza kwenye jani la mgomba, nikachuchumaa kama nilivyokuwa nikichuchumaa mbele ya sista.

Jani lilikuwa duara, lina meno madogo pembeni, limetokea kwenye shina linalotambaa na kuota mizizi njiani. Mpaka hapo ni urujuani, na hapo ndipo mtu wa haraka huishia. Lakini jani la urujuani, pale linaposhikana na shina, lina vijani viwili vyembamba vya ubavuni, vimechanikachanika kama pindo la mkeka wa zamani. Hunyauka, lakini havipotei. Nilipapasa kila kifundo. Vilikuwa vitupu. Nikatafuta ua. Nililipata moja limesinyaa, nikalilowesha likafunguka kidogo. Urujuani una petali tano zilizoachana, waweza kung'oa moja nyingine zikabaki, na ile ya chini imejikunja nyuma ikawa kijifuko kifupi kinachochomoza upande wa kikonyo, humo huficha asali yake. Ua lile la wifi yangu halikuwa na kijifuko. Petali zote zilishikana shinani zikawa bomba moja, limepasuka mgongoni, vipande viwili juu na vitatu chini kama mdomo wa mtu anayesengenya. Sista aliuita mmea huo lobelia. Alitukataza kuugusa halafu kushika macho, kwa sababu ukiukata hutoa utomvu mweupe unaowasha.

Basi kumbe. Majani yanayompoza mtoto hayana budi kuwa ya urujuani; mwanangu alikuwa ameogeshwa utomvu.

Siku ile ile nilishuka mpaka pembeni mwa msitu, kwenye kijito. Njiani, katika nyasi za rweya, ile mbuga yetu isiyolimwa, niliona ndugu yake urujuani, yule wa mahali pakavu mwenye petali moja kubwa inayoning'inia kama ulimi. Nilimpita, si yeye niliyemtafuta. Chini kwenye kivuli niliikuta yote miwili, urujuani na lobelia, imepakana kama majirani, mmoja umepitisha shina juu ya mwingine. Kwa mtu anayetazama rangi ni kitu kimoja. Nikakata lobelia, maziwa yakatoka. Nikakata urujuani, maji matupu. Nikang'oa yote pamoja na mizizi na udongo, nikaipanda kwenye masufuria mawili mabovu nyuma ya jiko.

Ningeweza kwenda kwa mama mkwe nikamweleza taratibu. Angesikia, nadhani. Ningeweza hata kumwambia wifi yangu faraghani: dada, umekosea, njoo tulimalize. Watu wazuri hufanya hivyo. Lakini yeye hakunisema faraghani. Alinisema shambani, kisimani, mlangoni mwa kanisa. Nikanyamaza wiki nzima, nikamwagilia masufuria yangu, na kila aliponipita akiguna nilimjibu, "Ndiyo, wifi," kwa sauti ya asali.

Jumapili wazee walikaa sebuleni. Kiti cha mbele alikaa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, na kando yake wazee wawili wa ukoo na balozi wa nyumba kumi, aliyekuja na beji yake ya chama. Kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kilipita mkono kwa mkono. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, mtoto mapajani. Mume wangu alikaa mahali ambapo ingeweza kusemekana yuko upande wowote.

"Mke wetu," alianza baba mkubwa, "tumesikia kuna maneno."

"Yapo, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Yalitoka humu ndani yakaenda kutembea."

"Mimi sikusema neno," wifi yangu akadakia. "Majani ndiyo yaliyosema."

"Na wewe ulikuwa mkalimani wake," nikamjibu. Balozi alikohoa kuzuia kicheko.

Nikaomba ruhusa, nikaleta masufuria yangu na beseni la maji, nikaanza kuwaeleza habari za vijani vya ubavuni na petali zilizoachana. Mzee mmoja akasugua goti.

"Jamani. Tulipigania uhuru ili watoto wa kike waje kutufundisha majani?"

"Wewe ulipigania wapi?" mwenzake akamuuliza. "Miaka ile ulikuwa Uganda unakata miwa."

Wakacheka wote, na nikaona wazi kwamba elimu yangu itaishia kwenye kicheko kile. Nilikuwa nimelitegemea hilo. Nikageukia wifi yangu.

"Wifi, labda mimi ndiye nisiyejua. Nioneshe basi. Yapi kati ya haya ndiyo uliyochuma?"

Alisogea, akatazama sufuria hili na lile. Lobelia yangu ilikuwa imestawi kuliko ule mwingine, ina maua mengi mazuri. Akaonyesha kidole.

"Haya. Hayo mengine ni magugu."

"Una hakika?"

"Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Wewe umekuja juzi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Na wewe damu yako haina shaka."

"Haina."

"Basi yatakupoza. Nawa uso hapa mbele ya wazee, waone yanavyomfanya mtu wa damu."

Baba mkubwa akamtazama balozi, balozi akasema, "Hapo sioni kosa. Yeye ni wa ndani." Wifi yangu angeweza kukataa. Lakini alikuwa na ile shingo yake. Alivuta beseni, akang'oa vitawi vyote, akavifikicha majini mpaka yakawa na wingu jeupe, akanawa uso mzima, akasugua na macho, polepole, akinitazama. Kisha akajifuta kwa kanga na kukaa.

Nikainuka kuwapitishia wazee kikapu cha kahawa. Nilimpitishia kila mmoja kwa adabu, kwa mikono miwili. Sikuwa na haraka. Walizungumza kidogo habari za shamba la kijiji, nani haendi, nani anakwenda kulala kwenye kivuli. Wifi yangu alikuwa ameanza kupepesa. Akafikicha jicho kwa mkono ule ule uliofikicha majani, likawa jekundu. Akafikicha la pili.

"Ni moshi," akasema.

"Moshi gani?" mama mkwe akauliza kutoka pembeni. "Jiko lilizimwa tangu asubuhi."

Mashavu yakapata vipele. Kope zikaanza kujaa, kama zilivyojaa za mwanangu, na mimi niliyekuwa nimezilowesha zile kope ndogo kwa pamba, nikilia, nilizitazama hizi kubwa zikifunga na sikutaka hata kupumua nisije nikaipoteza raha ile. Alipoanza kuugulia nilipiga magoti mbele ya baba mkubwa.

"Waitu, nisaidieni mimi mgeni. Mmesema majani haya hayakosei. Mwanangu yalimchoma, akaambiwa si wa damu hii. Huyu naye yamemchoma mbele yenu. Sasa yeye ni wa nani?"

Watu wote walitazama chini, kwa sababu palikuwa na mtu mmoja tu wa kutazamwa, na alikuwa mama mkwe. Kama majani yalikuwa sawa, basi yeye alikuwa amemletea mumewe mtoto wa nje, na mumewe yuko kaburini nyuma ya nyumba ile.

"Mke wangu, inatosha," mume wangu akasema.

"Haijatosha. Nimeuliza swali."

Mama mkwe aliinuka. Alikwenda akipapasa mpaka kwa binti yake, akamshika kidevu, akapitisha vidole juu ya zile kope.

"Ulichuma nini, mwanangu?"

"Mae, kile kinachotambaa. Cha zambarau."

"Na kisigino ulikigusa?"

"Kisigino gani?"

"Ua lake lina kisigino nyuma. Shangazi yako alikuwa akikitafuta kwa kidole, giza bado, ndipo achume. Nilidhani alikuonyesha."

Alinyoosha mkono kwangu bila kunitazama. Nikang'oa ua kwenye sufuria lingine nikamwekea kiganjani. Akaligeuza, akakipata kile kijifuko kwa ncha ya kidole, akakibonyeza. Kisha akawageukia wazee, mgongo umenyooka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Baba yao sikumkosea hata siku moja. Aliyekosea ni huyu, alichuma uchafu. Mtoto mlete hapa."

Baba mkubwa alimpokea mwanangu akamkalisha mapajani mwake, pale ambapo wanaume wa ukoo ule hukalishwa, akataja jina la babu yake kwa sauti na kumwambia kibanja ni hiki. Balozi akaitikia kama shahidi. Mume wangu alikuwa analia. Nilimwacha alie, mimi nilikuwa nina kazi nyingine.

"Huyu lazima aende Rubya," mzee mmoja akasema, akimwonyesha wifi yangu. "Haoni tena. Nani atampeleka?"

"Nitampeleka mimi," nikasema.

Wakaniona nina moyo mzuri.

Nilimshika mkono tukateremka. Njia ile siku ya Jumapili imejaa watu, wengine wanatoka kanisani, wengine wanakwenda kutazama wagonjwa wao. Katika nchi yetu huwezi kumpita mtu bila salamu, na salamu haiishi bila kuulizwa unakotoka. Kila aliyeniuliza nilisimama. Nilieleza yote tangu mwanzo, majani, beseni, damu, na kwamba mtoto wangu ameshakalishwa mapajani. Niliwasimamisha hata wale waliotaka kupita. Wifi yangu, kanga usoni, alikuwa akinivuta mkono.

"Huyo ni nani unayemwambia?" akanong'ona.

"Si unasikia sauti?"

"Sisikii vizuri. Ni nani?"

"Ni mtu uliyemwambia zamani. Namrekebishia tu."

Hospitalini benchi la kusubiri lilikuwa limejaa wanawake wa kijiji chetu na wa vijiji vya jirani, wenye vikapu vya chakula cha wagonjwa. Mcheshi wangu wa shambani alikuwepo. Akamsogezea wifi nafasi, akaniinulia nyusi. Muuguzi alipokuja akafunua kanga, akauliza amepatwa na nini. Akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na macho.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Mdomo wake haujavimba."

Wifi yangu alitaka kuivuta kanga irudi usoni. Muuguzi akarudia. Benchi zima lilikuwa limeacha kutafuna.

"Nilinawa majani," akasema mwishowe.

"Majani gani? Umechumiwa na nani?"

"Nilichuma mwenyewe. Nilidhani ndiyo yale ya mtoto. Ya mtoto wa kaka yangu."

"Ongea juu kidogo, mama," muuguzi akasema. "Sijasikia."

Akarudia kwa sauti, ya mtoto wa kaka yangu, na wote wakasikia.